Kwa dada anayehamia Pune na watoto: kichaa cha mbwa na magonjwa mengine ya wanyama

Dada, nimesoma swali lako. Mumeo kapata mkataba Pune, mnahama na watoto wa miaka 4 na 7, na umesikia mbwa wa mitaani India hawana idadi. Unauliza uwachanje watoto hukuhuku Dar au usubiri mpaka mtu ang'atwe, na zaidi ya mbwa kuna nini kingine cha kuogopa. Mimi na familia yangu tumeishi Pune miaka kadhaa, watoto wetu walianzia shule kule. Udaktari sijasomea, lakini foleni za sindano hizi nimezipanga.

Wachanje kabla ya safari. Wewe na mumeo pia, mfuko ukiruhusu.

Mkuu mmoja aliyekujibu kabla yangu kaandika kwamba chanjo hii ni ya aliyekwisha kung'atwa, na kwamba India zimejaa kila kona, sasa haraka ya nini. Kuhusu kujaa hajakosea. Zinatengenezwa hukohuko na hospitali za serikali zinachoma bure. Tatizo liko kwenye dawa ya pili ambayo wengi hawaijui mpaka siku ya tukio, nayo ni kingamwili. Mtu ambaye hajawahi kuchanjwa aking'atwa mpaka ngozi ikachanika, chanjo peke yake haimtoshi. Chanjo inaufundisha mwili kujitengenezea kinga, na mwili unahitaji siku kadhaa kufika hapo. Siku zote hizo virusi viko kidondani vinatafuta neva ya kupandia kwenda kwenye ubongo. Kwa hiyo daktari anachukua kingamwili zilizo tayari, za farasi au za binadamu, anazichoma ndani ya kidonda na pembeni yake. Za farasi ni nafuu, za binadamu bei yake imechangamka, na zote mbili kuna siku unazitafuta mji mzima. Aliyechanjwa mapema hazihitaji kabisa. Aking'atwa anaosha kidonda, anachomwa siku hiyohiyo, anarudi siku ya tatu kuchomwa tena, kamaliza.

Tofauti hiyo niliiona kwenye jengo letu kwa watoto wawili na mbwa mmoja. Ilikuwa msimu wa baridi, mbwa jike wa mtaani kazalia kwenye maegesho ya chini, nyuma ya pikipiki za wapangaji. Watoto wa jengo zima wakawa hawabanduki pale. Wamewapa majina, wanawapelekea biskuti za Parle-G. Jioni moja mtoto wa mbwa aliyekuwa kanyong'onyea tangu jana yake akawageuka. Akamkwaruza binti yangu kwenye shavu la mguu na kumng'ata kijana wa jirani kidole cha mkono. Kijana alilia jengo zima likasikia. Binti yangu hakusema neno. Alipoulizwa akavuta soksi juu, akasema hakuna kitu. Mama yake alipoishusha akakuta mstari mwembamba mwekundu, urefu wa njiti ya kiberiti, hata damu haikuwa imetiririka.

Tuliosha wote wawili kwa sabuni palepale, tukapanda bajaji (na Pune ndiko kwao bajaji, makao makuu ya kampuni yapo pale) tukaenda hospitali ya serikali. Utakuta dirisha lenye kibao cha ARV. Usishtuke, kule herufi hizo ni chanjo ya kichaa cha mbwa. Nesi hakugusa sindano kwanza. Alituonyesha bomba, akasema mwoshe tena, dakika 15 kwa saa ya simu, maji yatiririke. Kisha akapitisha pamba ya spiriti kwenye ule mstari, binti akaruka. Akasema basi, ngozi imechubuka, hii inahesabika.

Binti yangu alikuwa na kadi ya chanjo za kabla. Alichomwa, akapewa tarehe ya kurudi, akaanza kuulizia samosa. Kijana wa jirani alihitaji kingamwili na jioni ile zilikuwa zimeisha. Alianzishiwa chanjo, halafu mimi na baba yake tukazunguka na pikipiki hospitali kwa hospitali mpaka usiku mkubwa, tukazipata ya binafsi. Kidole hakina nyama ya kupokea dawa nyingi, na dawa ilitakiwa iingie pale kadiri inavyoweza kuingia. Walimshika watu watatu. Leo ni mzima, anacheza kriketi, lakini baba yake hakulala usiku ule, na baada ya hapo alirudishwa siku ya tatu, ya saba na ya ishirini na nane.

Aliyeandika kwamba mtoto wa mbwa hana kichaa mpaka akue, afute hiyo kauli. Mama akiwa na ugonjwa, watoto wake wanaweza kuupata. Na ule ushauri wa kumchunga mbwa siku 10 uone kama atakufa unafaa kwa mbwa mwenye mwenyewe na kamba shingoni, tena watu wanachunga huku sindano zimeshaanza. Wale wetu asubuhi yake hawakuonekana, walinzi walikuwa wamewahamisha usiku.

Shirika la Afya Duniani linakadiria watu 59,000 wanakufa kwa kichaa cha mbwa kila mwaka, zaidi ya theluthi moja wakiwa India, na katika kila watu 10 wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa, wanne ni watoto chini ya miaka 15. Dalili zikishaanza, yaani kuogopa maji, kushtuka upepo ukimpiga, kuweweseka, hakuna dawa ya kumrudisha. Zinaweza kuanza baada ya miezi miwili au mitatu, wakati mwingine wiki, wakati mwingine mwaka. Kwa hiyo hata ukigundua mkwaruzo wa wiki iliyopita, nenda. Hujachelewa maadamu dalili hazijaanza.

Mimi nakushauri uwekeze kwenye mdomo wa mtoto kuliko kwenye fimbo. Mtoto anaficha kwa sababu anajua atagombezwa kwa kucheza na mbwa aliokatazwa. Nyumbani kwetu sheria ilikuwa hivi: ukikwaruzwa, ukilambwa kwenye kidonda au ukilambwa mdomoni, ukaja kusema, hugombezwi hata kama ulikatazwa. Ukificha, hapo ndipo tutakapokosana. Mwambie na msichana wa kazi, na dereva wa basi la shule.

Kuhusu sindano kumi na nne za kitovuni ambazo mama mkwe wako anakutishia, hizo zilikuwa za chanjo ya zamani iliyotengenezwa kwa ubongo wa kondoo. India waliacha kuitengeneza miaka mingi sasa. Siku hizi mkubwa anachomwa begani, mtoto mdogo pajani, na makalioni hawachomi kabisa. Ukiona mtu anamgeuza mtoto kifudifudi, mzuie uulize. Mjamzito na anayenyonyesha wanachomwa bila shida. Kidonda kisipakwe pilipili, manjano, chokaa wala mafuta ya taa. Kule wapo watakaokushauri hivyo kwa upendo kabisa, kama walivyo na kwetu. Sabuni, maji, iodini, basi. Kisishonwe harakaharaka pia.

Mbwa wenyewe utawazoea. Ukiona sikio limekatwa kipande kwa juu, ujue huyo aliwahi kukamatwa, akafungwa uzazi na kuchanjwa, kisha akarudishwa alipotolewa. Sheria ya India kwa kawaida inataka arudishwe palepale, kwa hiyo usipoteze nguvu kumlilia meneja wa jengo awaondoe. Agosti 2025 Mahakama ya Juu iliamuru mbwa wa mitaani wa Delhi wakusanywe wapelekwe kwenye mabanda. Nchi ikagawanyika, na siku chache baadaye amri ikalegezwa, wachanjwe na warudishwe isipokuwa wenye kichaa au wakali. Kuna majirani wanaowalisha kila jioni kama ibada, na ugomvi nao hauna mshindi. Wewe ulizia wanalisha saa ngapi na kona gani, saa hiyo watoto wasipite hapo na chakula mkononi. Na sikio lililokatwa lisikufanye uamini chanjo bado inafanya kazi, maana inatakiwa kurudiwa. Watoto wakifuatwa na kundi la mbwa usiku wasikimbie. Wasimame, mikono chini, wasiwakazie mbwa macho, waondoke taratibu.

Tumbili nao ni habari nyingine, na mimi nawaogopa kuliko mbwa. Mkienda kupunga upepo Mahabaleshwar au Matheran mtawakuta wamejipanga ukutani wanawasubiri. Wanajua mfuko wa plastiki maana yake chakula. Usimpe mtoto ashike mfuko, chipsi wala soda. Tumbili akinyakua, mwachie, maana wengi wanang'atwa pale wanapovutana. Kule Vrindavan wananyakua miwani na kukaa nayo juu mpaka watupiwe pakiti ya juisi, biashara inayoeleweka kabisa. Akikukwaruza, ni sindano kama za mbwa. Paka vilevile. Panya wa nyumbani kwa kawaida hahesabiwi.

Na mkiwa kwenye matembezi hayo ndipo chanjo ya kabla inapolipa. Vituo vidogo vya milimani unaweza kukuta chanjo bila kingamwili. Kwa asiyechanjwa, aanze chanjo hapohapo asingoje mjini, kisha atafutiwe kingamwili. Zinaweza kuchomwa mpaka siku ya saba tangu sindano ya kwanza. Mwambie na mumeo, maana wanaume tuna tabia ya kusema tutaangalia Jumatatu.

Sasa hayo mengine. Kubwa kwangu ni mvua. Masika yao ni Juni hadi Septemba, na mji ukifurika yale maji yamebeba mkojo wa panya. Ugonjwa wake ni homa ya mgunda, ileile iliyotusumbua Lindi mwaka 2022. Mumbai Julai 26, 2005 ilinyesha milimita 944 kwa saa 24, na baada ya maji kupungua wagonjwa wa homa hii wakafurika hospitalini. Wanunulie watoto viatu vya mvua virefu, wenye vidonda miguuni wavizibe, na wakifika nyumbani waoshwe miguu kwa sabuni. Mtu akipata homa kali na maumivu ya misuli ya miguu siku au wiki kadhaa baada ya kukanyaga mafuriko, mwambie daktari habari ya yale maji kabla hajauliza. Wao wanawaza dengue kwanza, na wana haki, lakini homa ya mgunda ina antibayotiki yake na ikiwahiwa inatulia vizuri.

Maziwa chemsha mpaka yapande, hasa yale ya kupimiwa mlangoni. Pakiti zilizopitishwa kiwandani hazina shida hiyo. Homa ya kutupa mimba ya ng'ombe inamwingia mtu kwa maziwa mabichi, naye anazunguka na homa ya kuja na kuondoka, jasho la usiku na viungo kuuma, anatibiwa malaria isiyokuwepo. Tunda lenye alama za meno ya popo tupa, hasa mkienda Kerala, ambako virusi vya Nipah, vinavyobebwa na popo, vilizuka Kozhikode 2018 na vimerudi mara kadhaa. Kupe wa misitu ya Karnataka wana homa yao, lakini mtu wa mjini Pune hiyo asikeshe nayo. Mashilingi, yaani fangasi wa ngozi, hawatayakwepa wakishika watoto wa paka. Ya ngozini krimu ya duka la dawa kwa kawaida inatosha, ya kichwani mwonyeshe daktari.

Makaratasi sasa. Kadi ya kila sindano ipige picha, iweke kwenye simu yako na ya mumeo. Watoto wakianza ratiba India na mkarudi likizo Dar katikati, wanaendelea walipoishia, hakuna kuanza upya. Mkataba wa bima usome vizuri, kwani bima nyingi za waajiri kule zinalipa mtu akilazwa, na sindano hizi hakuna anayelazwa kwazo. Ukifika, wiki ya kwanza kabla hata ya kununua pazia, piga simu hospitali mbili za karibu uulize kitu kimoja: kingamwili za kichaa cha mbwa mnazo saa 24? Andika majibu mlangoni pa friji.

Chanjo ya kabla kwa utaratibu wa sasa wa Shirika la Afya Duniani ni mara mbili, siku ya kwanza na siku ya saba baada yake. Madaktari wengi India bado wanachoma mara tatu, wakikwambia hivyo usibishane nao. Umeandika mnaondoka mwisho wa mwezi, kwa hiyo muda upo: ya kwanza wiki hii, ya pili wiki ijayo siku hiyohiyo. Piga simu kabla ya kubeba watoto, si kila kituo Dar kinaiweka kwenye friji, na uulize bei ya dozi kwa kila mtu kabla ya kukubali. Ikikushinda, fanyeni Pune wiki mliyofika. Kule itakuwa nafuu zaidi. Ukikwama na hospitali za upande mtakaoishi, niandikie pembeni na jina la mtaa.