Utafiti juu ya waanarkisti wa Urusi: usianzie Moscow

Ndugu, nimekuelewa: kwa ajili ya tasnifu yako unataka kwenda Moscow kuwahoji watu wa Avtonomnoye Deystviye, shirika la waanarkisti (watu wanaopinga mamlaka ya dola) lililoasisiwa mwaka 2002. Nakushauri usianzie huko. Katika kesi ya Penza, mji wa Urusi, mwaka 2020, waanarkisti na wapinga ufashisti saba walifungwa miaka 6 hadi 18, ingawa baadhi yao walieleza kwamba waliteswa kwa umeme ili wakiri. Kwa hiyo ujumbe wako mmoja ukikutwa kwenye simu ya mtu unaweza kumponza yeye kuliko wewe. Soma kwanza machapisho yao wenyewe, ambayo ni mengi, kisha wahoji waliokwisha kuhama nchi, bila kuhifadhi majina yao. Fedha usiwatumie kabla ya kuonana na wakili.