Rafiki yangu asiyeamini, na usiku wa baba

Nimelelewa kwenye imani na bado ninaamini. Kwa miaka mingi nilishikilia kwamba asiye na Mungu hana kinachomzuia kuiba wala kusema uongo. Nilimwuliza hivyo rafiki yangu mmoja, uso kwa uso: "Wewe unazuiwa na nini?" Alininyamazia tu.

Kisha baba akapooza upande mmoja. Mgonjwa wa namna hiyo asipogeuzwa kila baada ya saa chache, ngozi ya nyonga na kiuno huanza kuoza ikawa vidonda. Rafiki yangu alikuja kutusaidia. Mimi niliomba, tena kwa machozi, halafu nikaenda kulala. Usiku wa manane nikazinduka, nikaona taa inawaka. Rafiki yangu amepiga goti kitandani, mkono mmoja chini ya bega la baba, mwingine chini ya nyonga, anamgeuza taratibu, kisha anamwekea mto katikati ya magoti. Nikamwuliza mbona hakuniamsha.

"Alikuwa anaumia," akasema.

Basi. Hakutaja thawabu wala falsafa. Binafsi naamini Mungu ndiye aliyemtia utu huo hata kama hamjui. Yeye hakubali, na bado tunabishana. Lakini lile swali langu sijalirudia, wala nawe usimwulize mtu, kwa maana linamsuta mwulizaji: kwani mimi nisingeogopa moto ningekuibia?

Mwaka 1973 wanasaikolojia John Darley na Daniel Batson walichapisha utafiti wao juu ya wanafunzi 40 wa seminari, chuo cha kuandaa wachungaji, huko Princeton, Marekani. Kila mmoja alitumwa kwenda kutoa hotuba, na njiani akakuta mtu amejikunyata mlangoni, anakohoa na kugumia. Walioambiwa wana nafasi, asilimia 63 walimsaidia. Walioambiwa wamechelewa, asilimia 10 tu, na kati ya waliopita wamo waliokuwa wanakwenda kuhubiri habari za Msamaria Mwema, yule wa Biblia aliyesimama kumsaidia majeruhi njiani. Nilipousoma nilijiona mle ndani.

Kwa hiyo wewe ambaye imani yako imetikisika, unayeogopa kwamba sasa utaharibika tabia, usianze kwa kuhangaikia hoja. Sikiliza kwanza kama bado unamsikia anayeugua chumba cha pili. Mimi usiku ule sikumsikia baba, na nilikuwa nimetoka kusali.