Nauli ya wiki sita: barua kwa mwanangu

Mwanangu,

Ujumbe wako wa juzi usiku nimeusoma mara tatu. Unasema umejiandikisha Ironman 70.3, yale mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia kwa mfululizo, kule Rubavu, Rwanda, na unataka kuchangisha fedha kwa ajili ya watoto waliozaliwa na nyayo zilizopinda. Kisha ukaniuliza: "Mama, si aibu kuwaomba watu hela ili mimi nikaogelee Ziwa Kivu?"

Nakujibu kama mama, na kama muuguzi aliyewafunga watoto hao plasta miaka 11.

Ulikuwa ukitoka shule unakuja kliniki, unakaa benchi la nyuma na hesabu zako. Sijui kama ulikuwa ukitazama. Mtoto analetwa mchanga kabisa, nyayo zinatazamana kama viganja vinavyotaka kupiga makofi. Tunaunyoosha mguu kwa vidole, polepole, tunaufunga hogo, ile plasta ngumu, kutoka vidoleni hadi pajani. Wiki inayofuata tunalifungua, tunanyoosha tena kidogo, tunafunga jingine. Hivyo mara tano, sita. Wengi hukatwa kidogo kano ya kisigino, wanafungwa hogo la mwisho, ndipo wanavishwa viatu vilivyounganishwa kwa chuma: saa 23 kwa siku kwa miezi mitatu, halafu usiku tu hadi miaka minne au mitano. Njia hiyo ni ya Dakta Ignacio Ponseti wa Iowa, Marekani. Haitaki upasuaji mkubwa. Inataka mama arudi kila wiki.

Na kurudi ni nauli. Kuna mama wa Handeni alikuja wiki tatu mfululizo, ya nne hakuonekana. Alirudi baada ya miezi minne. Hogo alikuwa amelikata mwenyewe nyumbani kwa kisu, miguu ya mtoto imerudi ilikokuwa. Alisimama mlangoni ameshika mfuko wa plastiki, ndani yake vipande vya lile hogo. Alidhani ni mali ya hospitali, lazima airudishe, na alikuwa anaogopa kudaiwa. Nilipomuuliza kwa nini hakuja, akasema neno moja tu: nauli.

Wenzake kwenye benchi walisikia. Hakuna aliyewaambia kitu. Mmoja akafungua pindo la kanga, akafuata wa pili, zikapita mia mia na mia tano mkono kwa mkono mpaka zikamfikia. Wote walikuwa na watoto wenye shida ileile, na wote walikuwa na safari ya kurudi kwao.

Kwa hiyo kuomba hakuna aibu, mwanangu. Sisi tunachangiana harusi, tunachangiana misiba. Aibu iko kwenye hesabu. Niliwahi kuingia kamati ya kuchangisha baiskeli za walemavu, nikagonga milango ya mtaa mzima. Fedha nyingi ziliishia kwenye fulana, chakula na posho. Walionipa waliniamini mimi, si kamati, na mpaka leo kuna jirani sijaweza kumtazama usoni.

Ada ya kujiandikisha, usafiri, malazi, baiskeli: vyote vitoke mfukoni mwako, na uliseme hilo katika mstari wa kwanza wa ujumbe utakaowatumia watu. Michango iende moja kwa moja kliniki, na risiti uirushe kwenye grupu siku hiyohiyo. Kama safari huimudu mwaka huu, subiri mwakani.

Atatokea wa kukuuliza kwa nini usitoe tu hizo hela za baiskeli. Ana haki ya kuuliza, usimkasirikie. Toa na zako pia. Ila mtu akisikia kuogelea kilomita 1.9, baiskeli 90 na mbio 21.1 kwa siku moja, atauliza kwa nini, na hapo ndipo utamweleza habari za zile nyayo. Mwaka 1977, kijana wa Marekani aitwaye Rick Hoyt, asiyeweza kutembea wala kusema kwa kinywa, alimwomba baba yake, Dick, amsukume kwenye mbio za kumchangia mchezaji aliyepooza. Baadaye walimaliza hata Ironman nzima ya Hawaii, ambayo hiyo yako ni nusu yake, baba akiogelea huku anavuta mtumbwi wa mpira wenye mwanawe ndani. Nikimfikiria Rick naliona benchi letu. Watu walikuwa wamezoea kumhurumia yeye, kumbe naye alitaka kuchangia.

Sasa nisikilize kuhusu maji, maana hapo ndipo roho yangu ilipo. Umezoea bahari ya ufukwe wa Coco, na chumvi inakubeba. Kivu ni maji matamu, hayatakuinua hivyo. Miguu itashuka na utachoka upesi. Isitoshe, ziwa liko juu zaidi ya mita 1,400 kutoka usawa wa bahari, na pumzi yako ni ya pwani. Fika siku kadhaa kabla, ingia majini na wenzako, usiingie peke yako. Ukiona umezidiwa, inua mkono wakutoe. Michango haidai ufike mwisho, na hilo nalo waambie mapema.

Mchango wa kwanza niandike mimi. Usiandike "Mama". Andika: nauli ya Handeni, kwenda na kurudi, wiki sita.

Mama yako,
Tanga