Maswali ya Wasomaji: Kuandaa Mchoro kwa Ajili ya Mashine ya Plazma

SWALI: Ndugu mshauri wa safu hii, shikamoo. Mimi ni fundi wa mageti, karakana yangu ipo Buguruni, Dar es Salaam. Sina mashine ya plazma (ile inayokata chuma kwa moto wa umeme) inayoongozwa na kompyuta, kwa hiyo huchora mwenyewe kwenye kompyuta mpakato na kupeleka faili kwa wenye mashine mtaa wa Gerezani. Mwezi uliopita nilichora vitako ishirini vya nguzo, pleti ya mm 8, mraba wa mm 150 kwa mm 150, kila kimoja na matundu manne ya mm 14 kwa bolti za M12, yaani za unene wa mm 12. Viliporudi nilipima kwa kalipa, nikakuta upande ni mm 148.4 na tundu ni mm 15.6. Kibao cha geti chenye neno KARIBU nacho kilirudi na uwazi mtupu ndani ya A, R na B. Mwenye mashine anasema kosa ni la mchoro, ilhali kwenye kompyuta yangu vipimo vyote viko sahihi. Nani kati yetu amekosea, na nichoreje ili hasara hii isijirudie?
Msomaji, Buguruni

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Umefanya vyema kupima kabla ya kulalamika, kwa sababu vipimo vyako vyenyewe vinaeleza kilichotokea. Upande umepungua mm 1.6, na tundu limeongezeka mm 1.6 ileile. Huo ndio upana wa njia ambayo moto wa plazma huila katika chuma. Tochi, yaani kichwa cha mashine kinachotoa moto, ikipita juu ya mstari wenyewe, moto hula mm 0.8 kila upande wa mstari, hivyo kipande hupungua kwa kingo zake zote mbili na tundu hutanuka kwa kiasi hichohicho.

Mafundi wengi wakishaligundua hilo hukimbilia kuchora mraba wa mm 151.6. Nakuomba usifanye hivyo, kwa sababu nozeli (mdomo wa tochi) ikichakaa au ampea za umeme zikibadilishwa, upana wa mkato nao hubadilika, na mchoro wako utakuwa umebeba kosa la siku ile moja. Chora kipimo halisi. Fidia ya upana wa mkato huwekwa na opereta katika programu ya kupanga mkato, kwa mfano SheetCam, ambako huiambia mashine kwamba mzingo wa nje (mstari unaozunguka umbo) ukatwe kwa nje na tundu likatwe kwa ndani.

Fidia hiyo, hata hivyo, haiwezekani ikiwa mzingo haujafungwa, na hii ndiyo sababu ninayoikuta mara nyingi katika faili za namna yako. Fungua mchoro wako, ikuze kona moja ya mraba mara mia kadhaa, uitazame. Mistari miwili iliyoonekana kushikana huenda imeachana kwa mm 0.05, au mmoja umepita mwenzake kidogo. Kwa jicho ni mraba. Kwa programu ni mistari minne isiyohusiana, isiyo na ndani wala nje, kwa hiyo tochi hupitishwa katikati ya mstari. Kosa jingine la karibu na hilo ni mistari miwili iliyolaliana mahali pamoja, ambayo huifanya mashine ipite mara mbili. Tumia mstari ulioungana badala ya vipande, futa vilivyojirudia, kisha hifadhi kama DXF, aina ya faili la mchoro ambalo programu ya mashine huisoma. Kwa haki, opereta naye angeweza kuiona njia ya tochi kwenye kioo chake kabla ya kuwasha moto, na pleti ya mm 8 ni ghali mno kukatwa bila kutazamwa.

Matundu yanahitaji uangalifu zaidi kuliko kingo. Tundu la mm 14 katika pleti ya mm 8 hukatika vizuri, lakini kipenyo kikikaribia unene wa pleti ukuta wake hupinda na bolti hukwama. Hapo weka alama ya katikati tu, ukatoboe kwa drili. Weka matundu katika tabaka lake la mchoro (leya) na mzingo wa nje katika tabaka jingine, ili opereta aweze kupunguza mwendo kwenye matundu pekee na kuyakata kwanza, kwa kuwa kipande kikishaachana na pleti husogea, na tundu litakalofuata halitakaa mahali pake. Mstari wa kuingilia, yaani mahali tochi inapotobolea, huwekwa upande wa chuma cha kutupwa: ndani ya tundu, au nje ya kitako. Kwa kawaida hewa ndani ya tochi huzunguka kufuata saa, na ukingo ulionyooka hubaki kuliani mwa mwendo. Ndiyo maana mzingo wa nje hukatwa kwa kufuata saa, na tundu kwa kinyume chake.

Sasa kibao. Neno KARIBU lina visiwa vinne, yaani vipande vya chuma vilivyozungukwa na herufi: kimoja katika A, kimoja katika R na viwili katika B. Havijashikwa na kitu, kwa hiyo mashine ikikata, huanguka. Hapa kosa ni la mchoro, ndugu yangu. Badili maandishi kuwa njia, yaani mistari ya kukatwa, kisha chora vidaraja vya kukiunganisha kila kisiwa na pleti. Kwa pleti ya mm 3 mimi huacha daraja la mm 5, kwa sababu jembamba zaidi hupindishwa na joto. Yapo maumbo ya herufi yaliyotengenezwa tayari na vidaraja, nayo huokoa muda mwingi.

SWALI: Mteja wangu wa Mbezi amenitumia kwa WhatsApp picha ya ua lenye petali analolitaka kama pambo kwenye grili. Nimeigeuza kuwa mistari kwa Inkscape, lakini ua lilikatwa kwa mtetemo na kingo zikajaa magamba. Je, programu hii haifai?
Msomaji, Tabata

JIBU: Dada, programu inafaa, picha ndiyo dhaifu. WhatsApp huibana picha, kingo zikafifia, na Inkscape ikazifuata zote kwa mamia ya nukta ndogo. Tochi hupunguza mwendo kwenye kila nukta, na mwendo ukipungua chuma kilichoyeyuka huganda chini ya ukingo. Mwombe mteja atume picha kama hati, uigeuze tena, kisha tumia amri ya kurahisisha njia na ufute nukta zilizobaki kwa mkono, mpaka petali moja ibaki na nukta nne au tano. Kabla ya kupeleka faili, chora pembeni mraba wa mm 100 na umwombe opereta aupime kwenye kioo chake. DXF ya toleo la R12 haibebi kizio cha vipimo, na ikisomwa kwa inchi ua lako litakuwa kubwa mara 25.4. Ukiona mraba huo unasomeka mm 2540, rekebisha kizio, kisha ufute mraba wenyewe ili usije ukakatwa.