"Mama, hata wafanyakazi wana siku ya mapumziko"

Shangazi, mimi na mume wangu tuna duka la vifaa vya ujenzi. Kijana wetu ana miaka 14. Alipokuwa mdogo alipenda kukaa nasi kaunta, lakini siku hizi akitoka shule anakuja amenuna, na wikendi nzima yuko dukani. Mwezi uliopita alichukua pesa kwenye droo bila kusema. Baba yake akaamua kwamba adhabu yake ni kufanya kazi kila siku mpaka tufunge. Jana usiku mtoto akaniambia, "Mama, hata wafanyakazi wana siku ya mapumziko." Mume wangu anasema naye alikulia hivyo hivyo katika duka la wazazi wake, ndiyo maana leo anaijua kazi. Nisimame upande gani?
Mama niliyebanwa katikati

Mwanangu, pole.

Nianze na pesa, maana ndizo zilizowauma. Kuchukua bila kuomba ni kosa, hata kama droo ni ya baba, na lisiachwe lipite hivi hivi. Azirudishe. Lakini azirudishe kwa hesabu: mkubaliane posho yake ya wiki, akatwe kidogo kidogo mpaka deni liishe, na likiisha lisitajwe tena kila mnapokasirika. Adhabu aliyopewa haina mwisho. Tena imeigeuza kazi inayowalisha kuwa kifungo, halafu mnataka aipende.

Nimeisoma barua yako mara mbili nikitafuta kitu kimoja ambacho ni chake pale dukani. Sikukiona. Mtoto anayetumwa tu hujifunza kutii, na akizidi kutumwa hujifunza kujificha. Kuwajibika huanza siku anapokabidhiwa kitu ambacho kikiharibika ataulizwa yeye, na kikienda vizuri atasifiwa yeye.

Mimi nilikulia kwenye biashara ya mama yangu. Nilipofika miaka 12 alinikabidhi daftari la wadaiwa. Wiki ya tatu nikasahau kumwandika mteja mmoja, na hesabu ikagoma kukubali. Mama hakunifokea. Aliniketisha, tukarudia siku moja moja mpaka nikakumbuka, kisha akaniambia niende mwenyewe nikadai. Yeye alisimama mbali kidogo. Nilitetemeka magoti. Yule mtu akalipa bila neno. Tangu hapo sikuwahi kulala bila kulipitia daftari lile, na hakuna aliyenituma.

Basi mpeni kijana rafu moja, tuseme ya rangi na misumari. Kila Jumamosi asubuhi ahesabu, aandike kilichoingia, kilichouzwa na kilichobaki, aseme nini kiagizwe. Nanyi agizeni kwa hesabu yake, hata mkiona amekosea kidogo. Akichagua rangi isiyotoka, aione imekaa pale wiki baada ya wiki ikila mtaji. Na mwonyesheni matumizi pia. Watoto wa wenye biashara huona pesa zikiingia kwenye droo mchana kutwa, lakini hawazioni zikitoka kulipia pango, umeme na mzigo mpya. Huenda ndiyo sababu aliona kuchukua kidogo si kitu.

Kuhusu mapumziko, mwanao amesema kweli. Mkataba wa Haki za Mtoto wa Umoja wa Mataifa, wa mwaka 1989, unaitambua haki ya mtoto kupumzika na kucheza. Mkataba namba 138 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1973, unaweka umri wa kuanza kazi kuwa usiopungua miaka 15, na unaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 13 mradi isidhuru afya wala masomo. Zipo nchi zilizoruhusiwa kuanza chini kidogo ya hapo. Lakini kusimama dukani mpaka kufunga, kila siku ya shule, hakuna anayeweza kukuita kazi nyepesi. Saa moja au mbili, siku chache za wiki, zinamtosha. Wiki ya mitihani asije kabisa. Na mifuko ya saruji asiibebe hata akijitolea, mgongo wake bado unakua.

Mumeo usimpinge mbele ya mtoto. Mngoje atulie, umuulize ni siku gani alijiona mtu mzima katika duka la wazazi wake. Msikilize mpaka mwisho, usimkatize. Sidhani atakutajia usiku aliochelewa kulala. Nahisi atakutajia siku aliyoachiwa funguo, au siku baba yake alipomuuliza maoni yake na kuyafuata. Akishasema, mwambie kijana wenu anaingojea siku kama hiyo.

Kisha kaeni wote watatu, mpange saa, posho na ile rafu. Mwacheni yeye aandike mliyokubaliana. Na Jumapili hii msimwamshe.