Baraza la Chuo lipo, mbona mnamwandikia Rais?

Barua za safari hii karibu zote ni za vyuo vya umma. Udahili umeanza, ajira za wahadhiri zimetangazwa, na kuna wazazi wamekwama. Nimechagua zile zinazogusa jambo ninalolisema miaka yote: watu hawajui nani ana madaraka gani chuoni, kwa hiyo madaraka hayo yanatumiwa na yeyote mwenye simu.

*Nimechaguliwa vyuo viwili. Nifanye nini nisikose vyote? (Mhitimu wa kidato cha sita, Tabora)*

Mdogo wangu, swali hili nimelijibu kila mwaka tangu 2017, pale TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu, ilipoacha kupokea maombi yenyewe na kuwarudisha waombaji vyuoni. Ingia kwenye akaunti uliyoombea chuo unachokitaka, weka namba ya siri uliyotumiwa kwa ujumbe mfupi, thibitisha kimoja, na ufanye hivyo ndani ya tarehe zilizotangazwa. Hakuna ofisi ya kwenda kuomba huruma tarehe zikishapita. Na yule anayekuambia ana mtu wake TCU wa kukubadilishia kozi kwa laki mbili ni kishoka. Usimpe hata nauli.

*Mkuu wa Chuo na Makamu Mkuu wa Chuo, bosi ni yupi? (Msomaji, Iringa)*

Mtendaji ni Makamu. Mkuu wa Chuo ndiye unayemwona na joho siku ya mahafali, akitunuku shahada. Nyerere alikuwa Rais wa nchi na papo hapo Mkuu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoanza kujitegemea mwaka 1970. Siku hizi Bara anateuliwa mtu mwingine, kama Rais Magufuli alivyomteua Rais mstaafu Kikwete mwaka 2016 kwa chuo hichohicho.

Lakini wote mnaouliza swali hili mnaliruka Baraza la Chuo, na Baraza ndilo lenye mali, bajeti, watumishi na dhamana ya kila kinachofanyika pale. Seneti inashika taaluma: mitihani, mitaala, nani afaulu na nani arudie. Wizara inatoa sera. TCU inakagua ubora. Mambo haya yameandikwa kwenye Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2005 na kwenye hati idhini ya kila chuo. Hati idhini ya Mlimani, yaani Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni ya mwaka 2007. Isomeni.

*Mwanangu anasomea chuo cha usafirishaji na binamu yake yuko Chuo cha Maji. Mbona wizara zao ni tofauti na ile ya Elimu? (Mama, Temeke)*

Kwa sababu vilianzishwa na wizara zenye kazi hizo, mama. NIT, hicho cha usafirishaji, kiko Wizara ya Uchukuzi, Chuo cha Maji kiko Wizara ya Maji, na IFM, chuo cha usimamizi wa fedha, kiko Wizara ya Fedha tangu kilipotungiwa sheria yake mwaka 1972. Ubora wao unasimamiwa na NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi. Mimi naona utaratibu huu umezeeka, maana chuo cha wizara kinaishi kwa bajeti ya wizara ambayo elimu si kazi yake ya kwanza, lakini vyeti vya watoto ni halali kabisa. Ondoa wasiwasi.

*Idara yetu ina wahadhiri wawili na wanafunzi zaidi ya 400. Chuo kinasema hakina uwezo wa kuajiri, na mimi nina GPA ya 4.3 nimekaa nyumbani. Je, ni kweli? (Mhitimu, Mbeya)*

Ni kweli, na jambo hili linaniuma.

Kwenye karatasi Baraza ni mwajiri. Kwenye maisha ya kila siku, chuo cha umma hakiajiri mpaka kipate kibali cha Utumishi, ofisi ya Rais inayosimamia watumishi wa umma. Kibali kikitoka, nafasi inapitia Sekretarieti ya Ajira, na mwombaji wa ualimu wa chuo kikuu anaingia kwenye mtambo uleule wa mwombaji wa udereva. Mshahara unatoka Hazina. Mkuu wa idara anayejua kwamba mhadhiri wake wa takwimu anastaafu Juni hawezi kutafuta mrithi Januari. Anaandika barua, barua inapanda, inakaa, bajeti inafungwa, anaambiwa aandike upya.

Najua sababu zilizotufikisha hapa. Watumishi hewa walikuwepo, na vyeti feki vilikuwepo. Fedha za taasisi za umma zilikuwa zimelala kwenye benki za biashara, hadi agizo la 2016 la kuzihamishia Benki Kuu. Serikali ilikuwa na haki ya kukaza. Kosa ni kukaza kila kitu kwa bisibisi moja. Mwalimu wa chuo kikuu anapikwa miaka kumi: anaanza msaidizi kwa GPA isiyopungua 3.8, anakwenda uzamili, uzamivu, anaandika, ndipo anaaminiwa kusimamia tasnifu ya mtu mwingine. Ukikosa kuajiri miaka minne mfululizo, shimo lake unaliona miaka kumi na tano baadaye, wakati maprofesa tuliowasogezea umri wa kustaafu hadi 65 nao wameondoka na nyuma yao hakuna mtu.

Sasa tunafungua kampasi mikoani kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, ule mradi wa HEET ulioanza 2021: Lindi, Kagera, Kigoma na kwingineko. Nayafurahia majengo hayo, mikoa hiyo imesubiri muda mrefu. Lakini mkopo umejenga madarasa, haukutupa kibali cha wa kufundisha ndani yake. Wewe, kaka, omba kila tangazo likitoka, na usiache kwenda uzamili kwa kusubiri.

*Makato ya mkopo wa elimu ya juu ni asilimia ngapi? (Mtumishi mpya, Geita)*

Kumi na tano ya mshahara wa msingi, tangu marekebisho ya 2016. Ile asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa 2021, kwa hiyo ukiiona kwenye taarifa yako ya miaka ya karibuni, nenda Bodi ya Mikopo (HESLB) na hati za mshahara mkononi.

*Serikali inaweza kuifuta kozi na kuwarudisha wanafunzi nyumbani kwa usiku mmoja? Rafiki yangu alikuwa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) mwaka 2016. (Mwalimu wa sekondari, Manyara)*

Mwalimu, ilifanya. Mwisho wa Mei 2016 wanafunzi zaidi ya 7,800 wa stashahada maalumu ya ualimu wa sayansi na hisabati waliambiwa waondoke Dodoma. Wengi walikuwa wametoka kidato cha nne, hawajawahi kusafiri peke yao. Wahadhiri walikuwa hawawafundishi kwa mgogoro wa malipo. Baadaye Serikali ikawachambua, wenye sifa wakapelekwa vyuo vya ualimu, wengine ndoto ikaishia pale. Mjadala wa nchi ukawa kuhusu akili za watoto wale, kama ni vilaza au si vilaza.

Mimi nilitaka mjadala mwingine. Nani aliipokea programu ya watu elfu saba kwenye chuo kikuu bila kuwa na uhakika wa kuwalipa walimu wake? Seneti ilisema nini ilipoletewa? Baraza liliuliza fedha zinatoka fungu gani? Watoto waliitikia wito wa Serikali uliosema taifa halina walimu wa sayansi. Walioamua hawakupanda mabasi yale.

Tabia hii ni ya zamani. Oktoba 1966 wanafunzi wa Dar es Salaam waliandamana na majoho yao hadi Ikulu kupinga masharti ya Jeshi la Kujenga Taifa, na zaidi ya 300 wakafukuzwa. Nyerere siku ile alikata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20, na kwa hilo namheshimu. Machi 1978 wakaandamana tena kupinga nyongeza za maslahi ya mawaziri na wabunge, wakafukuzwa tena kwa mamia. Mara zote mbili wengi walikuja kurudishwa. Ila chuo kilijifunza kwamba hatima ya mwanafunzi inaamuliwa nje ya chuo, na somo hilo halijafutika.

*Niko Unguja. Mkopo niombe bodi gani, na TCU inatuhusu? (Mwanafunzi, Zanzibar)*

TCU inakuhusu, elimu ya juu ni jambo la Muungano. Zanzibar mna bodi yenu ya mikopo pia. Soma masharti ya zote mbili kabla ya kujaza, na usijaribu kuchukua kotekote.

*Baada ya SUZA (Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar) na Mlimani, njoo kwetu. Kenya tulishatenganisha Rais na vyuo. Kwa nini nyinyi msituige? (Msomaji, Eldoret)*

Ndugu yangu, mlitenganisha kweli, na mlistahili pongezi. Mwaka 2003 Rais Kibaki aliacha desturi ya Rais kuwa mkuu wa vyuo vikuu vyote vya umma, Joe Wanjui akakabidhiwa Nairobi. Zanzibar hadi leo Rais wao ndiye Mkuu wa SUZA.

Lakini kumbuka Januari 2020. Baraza la Chuo Kikuu cha Nairobi lilimteua Profesa Stephen Kiama kuwa makamu mkuu. Waziri wa Elimu, Magoha, ambaye mwenyewe aliwahi kukiongoza chuo hichohicho, akaubatilisha uteuzi na kulivunja baraza. Mambo yakafika mahakamani, na Kiama akarudi kwenye kiti. Kwa hiyo joho mlilihamisha, mkono wa wizara ukabaki palepale. Na mfumo wa kufadhili wanafunzi kwa makundi ulioletwa 2023, Mahakama Kuu iliukataa Desemba 2024, kisha Mahakama ya Rufani ikasimamisha hukumu hiyo. Familia zilikuwa zinajaza fomu bila kujua mtoto wao ataangukia kundi gani. Tuigane, ila tuige mabaraza yanayoheshimiwa.

*Matokeo ya binti yangu yamezuiwa miezi minane kwa sababu ada haionekani kwenye mfumo, na risiti ninayo. Naomba unipe namba ya Waziri, au nimwandikie Rais? (Mzazi, Singida)*

Mzee wangu, pole sana. Namba ya Waziri sitakupa, na barua ya Rais usiiandike kwanza. Ikifika Ikulu itarudishwa wizarani, wizara itairudisha chuoni, na itatua kwenye meza ileile iliyokwama, safari hii na hasira juu yake. Andika kwa mhasibu wa chuo, ambatisha nakala ya malipo yenye kumbukumbu namba, nakala kwa Naibu Makamu Mkuu anayeshughulikia fedha. Ukipita mwezi bila jibu, mwandikie Katibu wa Baraza. Gonga mihuri ya kupokelewa kwenye nakala zako zote.

*Nimechaguliwa na wenzangu kuwawakilisha kwenye Baraza la Chuo. Kikao cha kwanza ni mwezi ujao. Nivae suti? (Kiongozi wa wanafunzi, Morogoro)*

Vaa nguo safi, suti ukiwa nayo.

Nikueleze niliyoyaona. Nilikaa miaka mitatu kwenye baraza la chuo kimoja cha umma, nikiwakilisha wafanyakazi. Makabrasha yalikuwa yakiletwa usiku wa kuamkia kikao, kwenye bahasha ya kaki nene kama tofali. Kuna siku bajeti ya mwaka mzima ilikuwa ajenda ya saba. Ajenda ya sita ilipoisha ikaingia chai, na tuliporudi mezani mwenyekiti alikuwa na ndege ya saa nane. Tuliipitisha kwa dakika ishirini. Kwenye jedwali la matumizi, fungu la vitabu vya maktaba lilikuwa na sifuri. Niliiona, nikaizungushia kalamu, nikanyamaza, kwa sababu watu walikuwa wameshafunga mafaili.

Kwa hiyo wewe mwandikie Katibu wa Baraza wiki hii, uombe makabrasha siku saba kabla. Akikataa, uwe na barua yake. Chukua ripoti ya mwisho ya CAG, mkaguzi mkuu wa hesabu za Serikali, iliyowekwa mezani bungeni, tafuta chuo chako, nakili hoja zisizojibiwa. Kaa karibu na mwenyekiti akuone ukinyoosha mkono. Halafu fungua ukurasa wa maktaba kabla chai haijaingia.