Maswali ya Wasomaji: Picha 90 kichwani, siku mbili mkononi

SWALI: Shikamoo mama. Sisi ni wanafunzi saba na tunatengeneza jarida letu la kwanza la urembo na mitindo: kurasa 24 za A4 pamoja na jalada, zitabanwa kwa pini katikati. Upande wa picha nimekabidhiwa mimi. Tuna kamera moja ya kuazima, Jumamosi na Jumapili moja tu, na wenzetu watano waliokubali kuvaa na kupakwa. Kila mtu kaja na mawazo yake, orodha ya picha imefika 90. Juzi tulijaribu mbele ya ukuta mweupe. Bila flashi nyuso zilizama gizani, na tulipowasha flashi, mwenzetu aliyepakwa vizuri kuliko wote akatoka na uso kama wa majivu. Nimeanza kuogopa. Nianzie wapi?
Mhariri wa picha

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimefurahi kwamba mlijaribu kabla ya siku yenyewe. Wengi hukutana na uso wa majivu siku ambayo kamera inatakiwa kurudishwa.

Orodha ya picha 90 iweke kando kwanza. Chukua karatasi sita za A4, zipange pamoja, zikunje katikati, ubane kwenye mkunjo. Umeshapata kijarida cha mfano cha kurasa 24. Andika namba, kisha kaeni wote saba na penseli mpite ukurasa kwa ukurasa: hapa jalada, hapa yaliyomo, hapa makala ya nywele. Kila mahali panapotaka picha chora kisanduku kwa umbo lake, cha wima, cha mlalo au cha kurasa mbili. Mkimaliza, hesabuni visanduku. Sitashangaa vikiwa 25 au 30. Hiyo ndiyo orodha yenu, na kila picha iliyomo ina kwao.

Kijarida hicho kitakufundisha mengi. Fungua ukurasa wa 12 na 13: ni karatasi moja, haijakatika. Kwingine kote kurasa mbili zinazotazamana zimetoka kwenye karatasi tofauti, na zikishabanwa zinaweza kupishana kidogo. Basi ile picha kubwa ya gauni ipelekeni katikati, na hata hapo mwanamitindo asimame upande mmoja, mkunjo usije ukampita puani.

Jalada lipigwe likiwa na nafasi juu. Nilipokuwa na umri kama wako nilipiga jalada la msichana aliyekuwa amesukwa tangu alfajiri, misuko imepandishwa kama taji, na kwa kuipenda nikaijaza fremu mpaka ukingoni. Jina la jarida lilipowekwa likakaa juu ya misuko yote. Hatukuwa na picha nyingine. Yule msichana alilishika jarida, akalitazama, akauliza taratibu, "Nywele zangu ziko wapi?" Tangu siku hiyo, kila jalada napiga nikiwa nimerudi nyuma hatua mbili, na robo ya juu ya fremu naiacha wazi.

Sasa tuje kwenye nyuso, maana hapa ndipo moyo wangu ulipo. Msikubali mtu awaambie kwamba ngozi nyeusi haipigiki vizuri. Kamera ikiachwa ijiamulie mwanga, hutafuta wastani wa kila inachokiona. Ukuta mweupe ukijaa kwenye fremu, yenyewe hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na anayelipia ni uso. Iambieni kamera ipime mwanga usoni, au iongezeeni mwanga kwa kitufe chenye alama ya +/−, mpaka +1 au +2, mtazame tena. Kisha mtoeni mwenzenu ukutani, asogee mbele mita mbili hivi, akae ubavuni mwa dirisha lisilopigwa na jua moja kwa moja. Upande wa pili simamisheni ubao mweupe, hata wa foronya iliyonyooshwa kwenye boksi, urudishe mwanga kwenye shavu lenye kivuli. Ngozi nyeusi hupendeza kwa mng'ao. Mtautazama ule mstari wa mwanga ukipita kwenye paji, ukishuka kwenye mfupa wa shavu, ukatua juu ya mdomo. Mkiuona, pigeni. Msimmwagie poda mpaka mng'ao huo ukafa.

Na yale majivu yametokana na vipodozi. Fondesheni na poda nyingi, hasa zenye kinga ya jua, zina titani dioksidi au zinki oksidi, ambazo hurudisha mwanga wa flashi iliyo juu ya kamera moja kwa moja kwenye lenzi. Kwa macho huoni kitu. Ama mtumie dirisha mwache flashi, ama kila anayepakwa apigwe picha moja ya majaribio kabla hajainuka kitini.

Wala msidhani mnahitaji studio. Mpiga picha Seydou Keïta alifungua yake Bamako, Mali, mwaka 1948, akawa anapiga watu uani, kwa mwanga wa mchana, na pazia lake la nyuma lilikuwa shuka la kutandika kitandani. Tafuteni picha zake mziangalie kwa makini: vitambaa vya nguo, vito, namna mikono ilivyowekwa.

Ratiba yenu ianze na urembo asubuhi, ngozi ikiwa bado haijachoka, na mavazi yafuate. Kwa mtu mmoja, anzeni na vipodozi vyepesi mwende kwenye vizito; rangi nyekundu ya mdomo ije mwisho, kwa sababu ukiifuta inabaki kwenye mikunjo ya midomo na kuchafua kila picha inayofuata. Mimi huhesabu dakika 45 kwa kila badiliko la nguo na vipodozi, na sijawahi kuona likipungua kwa kuharakishwa. Mmoja wenu asishike kitu kingine ila pasi, pini na brashi ya kutoa nyuzi, na kabla ya kila picha apite kwenye kola, pindo na vidole. Wanja wa kope na vijiti vyake kila mtu awe na vyake, macho huambukizana.

Kuhusu ukubwa: ukurasa mzima wa A4 kwa nukta 300 kwa inchi unataka pikseli 2480 kwa 3508, na picha inayofika ukingoni iongezewe milimita 3 kila upande wa kukatwa. Msitumiane picha kwa programu za ujumbe, mara nyingi zinabanwa zikapoteza ubora. Na kila mwanamitindo atie saini kwamba ameridhia kuchapwa. Aliye chini ya miaka 18, mzazi atie saini pia.

SWALI: Je, kama hatuna kamera, simu tu? Nyuso zetu zinatoka na pua kubwa.
Msomaji wa kidato cha tatu

JIBU: Pua yako haina kosa, mwanangu, ni umbali. Lenzi kuu ya simu huona eneo pana, na ukiisogeza karibu, kilicho mbele huvimba. Aliyeshika simu arudi nyuma mita moja na nusu au mbili, atumie lenzi ya kukuza mara mbili kama ipo. Zimeni ile hali inayofifisha nyuma, kwani hula hereni na ncha za nywele, na mzime kabisa kichujio cha kulainisha ngozi; msomaji anataka kuona rangi ile inavyokaa kwenye ngozi yenye vitundu kama yake. Na mfute lenzi kwa kitambaa kikavu kabla ya kila mtu, maana vidole vilivyopaka mafuta ndivyo hivyo hivyo vinavyoshika simu.